Uchaguzi wa Henia ya Barasa

Barasa Wekulo alikuwa fundi wa mashine za kupukuchua mahindi mjini Kitale, na kwa miaka sita alikuwa ameishi na henia kwenye kinena chake cha kushoto, akaizoea jinsi mtu anavyozoea jirani mwenye redio ya kelele. Akikohoa, anaishika. Akiinua injini, anaishika. Kanisani, wimbo ukifika mahali pa kupaza sauti, anaishika kwa mkono mmoja na kitabu cha nyimbo kwa mkono wa pili. Wakulima waliomletea mashine kutoka Kwanza na Kachibora walishajifunza kumsalimia kwa kumpungia tu, maana hawakujua ni mkono upi ulio huru.

Aliyempeleka hospitali hatimaye ni Thuo, mwenye duka la vipuri mlango wa pili. Thuo alikuja asubuhi moja akamkuta Barasa ameketi juu ya tairi, jasho linamtiririka, spana iko chini.

"Leo hufungui," Thuo akasema. "Siku hizi unashika hiyo kitu kuliko unavyoshika spana."

Daktari aliyempokea aliitwa Nyambu, mama mfupi aliyevaa viatu vya michezo. Alimlaza Barasa, akambonyeza, akamwambia akohoe, akaguna. Kisha akaandika kwenye karatasi huku akisema haraka haraka, kwa sababu nje foleni ilikuwa imefika getini.

"Hii tutatengeneza, mzee. Lakini si dharura. Ni elective. Nenda nyumbani, ufikirie, uongee na watu wako, halafu urudi uniambie."

Barasa alitoka na karatasi yake. Neno lile lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, ELECTIVE, na chini yake mstari. Alilitazama mpaka wakafika dukani. Hapo akampa Thuo.

Thuo alivaa miwani. "Hii," akasema baada ya muda, "hii ni mambo ya uchaguzi."

"Uchaguzi gani?"

"Sijui bana. Kiingereza changu mimi ni cha beringi na gasketi. Lakini hilo neno nimelisikia kwenye habari."

Barasa akafanya alichofanya kila mara jambo lilipomzidi: akampigia kaka yake mkubwa, Wanyonyi, aliyekuwa nyumbani kwao Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Wanyonyi alikuwa karani mstaafu wa serikali. Ndiye aliyeamua kwamba Barasa asomee ufundi. Ndiye aliyeamua kwamba aende Kitale wala si Eldoret. Yeye pamoja na shangazi yao, senge Nasike, ndio waliomtafutia mke, Fridah, na wakabahatisha vizuri sana. Zaidi ya hayo, kila nchi ilipopiga kura, Wanyonyi alikuwa msimamizi wa kituo, na ile jaketi ya kung'aa aliyopewa siku hizo bado aliivaa akienda kukamua ng'ombe.

"Nisomee herufi moja moja," Wanyonyi akasema.

Barasa akasoma.

"Ndugu yangu, umefanya vizuri kunipigia kabla hujaharibu mambo. Sikiliza. Kuna viti vya kuteuliwa na kuna viti vya kuchaguliwa. Hivi vya kuchaguliwa ndivyo vinaitwa elective. Kama hii henia yako ingekuwa ya kuteuliwa, daktari angekuteua tu, ungekuwa umeshalala kitandani sasa. Alikwambia uongee na nani?"

"Na watu wangu."

"Si unaona! Watu wako ndio wapiga kura. Lazima upite."

"Nipite wapi?"

"Upite kwa kura, Barasa. Unadhani mtu anapasuliwa tu ovyo ovyo?"

Jioni Barasa alimweleza mkewe. Fridah alikuwa mwalimu wa Kiingereza kwa miaka ishirini na minane, na alicheka mpaka akaweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Kisha akaona mumewe hacheki.

"Barasa, elective ni kitu ambacho si lazima kifanywe sasa hivi. Ni cha hiari. Ni ndugu ya optional."

"Kwa hivyo si lazima nipasuliwe."

"Sijasema hivyo. Ni vizuri upasuliwe. Ila siku mnaipanga."

"Sasa ni hiari ama si hiari?"

Fridah alichukua kalamu, akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akaanza kuandika kama yuko mbele ya darasa la saba. "Maneno haya yako mengi na yanafanana. Somo ambalo unaweza kuliacha ni optional. Ukijitolea kufagia kanisa, hiyo ni voluntary. Ruhusa ambayo mkubwa anakupa akijisikia, hiyo ni discretionary. Na upasuaji ambao unaweza kungoja, huo ni elective. Yote ni ya kuchagua, lakini huwezi kulichukua moja ukaliweka mahali pa lingine. Kila neno lina kiti chake."

"Umesema mwenyewe," Barasa akasema kwa huzuni. "Kiti."

Alipompigia tena Wanyonyi kumpa maelezo hayo, kaka yake alimsikiliza kwa adabu. "Mwambie shemeji tunamheshimu sana. Lakini Kiingereza cha shule si Kiingereza cha hospitali. Na tarehe nimeshaweka kwenye grupu."

Kweli alikuwa ameiweka. Kwenye grupu la ukoo katika WhatsApp kulikuwa na tangazo refu lenye vifungu: kura ni Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Mabanga, na wagombea wote wawasilishe majina kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

"Wagombea wote?" Barasa aliuliza. "Si ni mimi peke yangu?"

"Uchaguzi lazima uwe na mpinzani. Usijali, ni ya kutimiza sheria tu."

Kufikia Jumatatu wapinzani walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Roselyne, dada yao, aliyekuwa na uvimbe begani wenye ukubwa wa yai la kuku. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Kama kuna nafasi ya hospitari inagombaniwa katika hii boma," alisema, maana Roselyne alikuwa akibadilisha l na r tangu utotoni, "kwa nini iende kwa wanaume kira mwaka? Mimi pia nasimama kwa hiyo erektivu." Fridah alimpigia dakika hiyo hiyo kumwomba, kwa wema wote, asilitamke hilo neno mbele ya pasta.

Wa pili alikuwa Ian, binamu yao mwenye miaka arobaini na mmoja, muuza simu mjini Bungoma, mnene, mcheshi, ambaye alikuwa ameshindwa mara mbili kuwa mwakilishi wa wadi. Ian hakuwa na ugonjwa wowote.

"Lakini utapasuliwa wapi?" Barasa alimuuliza kwenye simu.

"Budaa, ugonjwa ni kitu ya kutafuta baadaye," Ian akasema. "Kwanza tupite."

Mabango ya Ian yalibandikwa Jumatano. Alikuwa amepigwa picha akiwa amevaa lile gauni la kijani la wagonjwa, kidole gumba juu, na chini pameandikwa: NIPASUENI NIWATUMIKIE. Liliwekwa moja kwenye ghala la mahindi, moja kwenye choo, na moja kwenye ubavu wa tangi la maji, ambapo lilionekana mpaka barabarani. Watu wasio wa ukoo wakaanza kuuliza kama nao wanaruhusiwa kupiga kura.

Barasa hakutaka kufanya kampeni. Thuo ndiye aliyemsukuma. Alimpakia kwenye pikapu yake Ijumaa asubuhi, wakaenda Mabanga mapema, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Waonyeshe unavyokohoa," Thuo alimnong'oneza kila mlangoni.

Barasa alikohoa katika nyumba kumi na moja. Watu walimhurumia, wakampa chai, wakamuuliza habari za mashine zao zilizoharibika. Senge Nasike, mwenye umri wa miaka themanini na tatu, alimshika mikono yote miwili, jambo lililomtesa kidogo Barasa kwa sababu hapo alikuwa katikati ya kikohozi.

"Kura yangu ni yako, mwanangu," akasema. "Wewe nimekulea. Shida ni kwamba Ian ameniletea sukari."

"Sasa, senge?"

"Sasa nitaomba Mungu anionyeshe."

Jumamosi ilifika na jua kali. Wanyonyi alikuwa amevaa suti, na juu ya suti ile jaketi ya kung'aa. Sanduku la kura lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lenye tundu kwenye kifuniko. Kibanda cha kupigia kura kilikuwa bafu la mabati nyuma ya jikoni, na mtu alipotoka humo alipakwa rangi nyeusi ya viatu kwenye kidole ili asirudie. Thuo aliteuliwa kuwa mwangalizi, kwa vile hakuwa wa ukoo na alitoka kaunti nyingine. Alining'inizwa shingoni kadi ya kartoni iliyoandikwa MWANGALIZI, akapewa kiti cha pekee na soda. Alilichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa kuliko Barasa alivyotarajia. Alikagua kopo ndani na nje, akalinusa.

Kabla ya kura kuanza Fridah alisimama.

"Naomba dakika mbili tu nieleze hili neno."

"Shemeji, tumekusikia," Wanyonyi alijibu akitazama ajenda. "Nimekuweka kwenye mengineyo."

"Mengineyo ni baada ya matokeo!"

"Ndiyo. Ni ya mwisho kabisa."

Basi wakapiga kura. Watu arobaini na mmoja walijipanga kwa mstari kutoka jikoni hadi zizini. Barasa alipoingia bafuni na kipande chake cha karatasi ya daftari, alikaa humo muda mrefu. Ndani kulikuwa na ndoo, sabuni, na bango la Ian limebandikwa ukutani, jambo ambalo Thuo alilipinga baadaye bila mafanikio. Barasa alitazama yale majina matatu. Alipotoka alinyoosha kidole kipakwe rangi, na hakumtazama mtu.

Wanyonyi alihesabu mbele ya wote, akisoma kila karatasi kwa sauti na kuiinua juu. Ian alipata kumi na tisa. Roselyne kumi na tatu. Barasa nane. Kura moja iliharibika, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameandika "Yesu".

Wafuasi wa Ian walimbeba juu, wakaona ni mzito, wakamshusha. Senge Nasike alimkumbatia Barasa. "Nilikupigia," akasema, "lakini kalamu iliteleza."

Barasa alijaribu kutabasamu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane, hakuwahi kugombea kitu maishani, na sasa alikuwa ameshindwa kugombea henia ambayo ilikuwa ndani ya suruali yake mwenyewe. Alimpa Ian mkono. Mkono wa pili ulikuwa mahali pake pa kawaida.

Wakati wa mengineyo ulipofika, watu walikuwa wameshahamia kwenye kuku.

Walirudi Kitale kwa pikapu ya Thuo, watatu mbele. Fridah alikuwa akihesabu kwa vidole. Walipopita Kamukuywa akamgeukia mumewe.

"Kura nane. Mimi. Pasta na mkewe. Watoto wanne wa binamu yenu Nekesa, waliniambia wenyewe. Yule mzee wa kinu. Hao ni wanane." Akarudia kuhesabu. "Barasa. Wewe ulimpigia nani?"

Barasa alitazama mahindi ya watu nje ya dirisha.

"Roselyne," akasema.

Thuo nusura aingize gari mtaroni.

"Niliona nikijipigia ni kujipendelea," Barasa akaeleza. "Na ule uvimbe wake si mzuri, ukiuangalia."

Walipofika Kiminini Fridah alimgeukia tena. Hapo akasema jambo moja tu, na hakulisema kwa hasira. "Miaka sita unaumwa mbele yangu. Umepewa karatasi uandike jina lako, ukashindwa."

Jumatatu asubuhi walikutana hospitalini. Barasa alikuja na ile karatasi ya daktari ili amkabidhi mshindi, maana Wanyonyi alikuwa amesema lazima kuwe na makabidhiano. Ian alivaa tai. Wanyonyi alibeba cheti cha ushindi chenye muhuri wa zamani wa ofisi ambao hakupaswa kuwa nao. Walipoitwa waliingia wote watatu, na Fridah nyuma yao amekunja mikono.

"Daktari," Ian akasema, akinyoosha mkono, "mimi ndiye mshindi."

"Mshindi wa nini?" Daktari Nyambu aliuliza.

"Wa upasuaji."

Daktari alisoma cheti. Akakisoma tena. Akamtazama Fridah, na Fridah akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeomba dakika mbili akanyimwa.

"Unaumwa wapi?"

"Hapo nawaachia wataalamu," Ian akajibu.

Daktari aliweka kalamu chini. Inawezekana alitaka kuwafukuza. Lakini alikuwa akimtazama Ian usoni, alivyokuwa mwekundu wa macho na jinsi alivyohema kwa kupanda zile ngazi chache za mlangoni.

"Cherono," akamwita muuguzi, "mpime huyu presha."

Cherono alimpima. Akafunga kile kitambaa kwenye mkono wa pili, akapima tena. Kisha akamwonyesha daktari mashine.

"Kichwa huwa kinakuuma?" daktari aliuliza.

"Kila siku. Si ni kampeni?"

"Huyu haendi nyumbani," daktari akasema. "Mlaze sasa hivi. Presha mia mbili na kumi. Sijui anasimamaje."

Ian alikalishwa kwenye kiti cha magurudumu akiwa na tai yake. "Daktari, hii nayo ni elective?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hii ni lazima."

"Kwa hivyo ameteuliwa," Wanyonyi akasema, akitafuta kalamu ya kurekebisha cheti.

Mlango ulipofungwa, daktari alimgeukia Barasa. Hakucheka, na Barasa alimshukuru sana kwa hilo.

"Mzee, ni kosa langu, niliongea mbio. Elective maana yake ni kwamba wewe unachagua. Unataka, tunapanga siku. Hutaki, unakaa nayo, ila siku moja inaweza kujinyonga ndani, na hapo tutakupasua saa yoyote bila kukuuliza. Afadhali sasa. Lakini ni wewe."

Barasa akamtazama Wanyonyi.

"Usimwangalie yeye," daktari akasema.

Akamtazama Fridah.

"Hata mimi usiniangalie," Fridah akasema, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Barasa akaomba ruhusa atoke kidogo. Alisimama uani, karibu na ukuta ambapo watu walikuwa wameanika nguo za wagonjwa wao. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu alipomuuliza anataka nini, si anahitaji kitu gani dukani, bali anataka nini, na hakukumbuka. Halikuwa kosa la mtu. Kila mara kulikuwa na aliyejua zaidi, na mambo mengi yalikuwa yametokea vizuri. Hofu aliyoiona sasa haikuwa ya kisu. Ilikuwa kwamba akisema ndiyo na mambo yakaharibika, hakuna atakayelaumiwa ila yeye.

Thuo, aliyekuwa akingoja kwenye pikapu, alimwona akamjia. "Sasa, Barasa, mimi kwa maoni yangu..."

"Thuo," Barasa akasema, "usiniambie kitu."

Thuo akarudi nyuma hatua mbili, kama mwangalizi.

Barasa alikohoa, akaishika, akaihisi ilivyo nzito na moto mkononi. Akarudi ndani, akafungua mlango bila kubisha.

"Nataka," akasema. "Jumatano. Si Jumatano hii, hii nina mashine ya mtu wa Kachibora. Ijayo."

Daktari akaandika.

"Ndugu yangu," Wanyonyi akaanza, "hiyo tarehe tungeshauriana kwanza, kuna..."

"Hapana," Barasa akasema.

Lilikuwa neno dogo na alilisema kwa heshima, lakini Wanyonyi aliketi kabisa. Baadaye alimwambia Fridah kwamba hakukumbuka kuwahi kulisikia kutoka kwa mdogo wake, hata walipokuwa wanachunga ng'ombe.

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko kumtengenezea mtu kabureta, na hakukuwa na shida. Ian alikaa wodini siku tano, akapewa dawa za kumeza kila siku, na daktari alimwambia waziwazi kwamba angengoja mpaka mavuno, huenda wangemzika. Ian aliwatangazia watu wote kwenye grupu kwamba wapiga kura walikuwa wameona mbali. Roselyne alipinga matokeo kwa barua ya kurasa tatu, akidai kwamba mtu aliyechaguliwa hawezi tena kuteuliwa, na Wanyonyi akaunda kamati ya kusikiliza rufaa. Kamati ilipokuwa bado inatafuta tarehe, Roselyne alienda mwenyewe hospitali mjini Bungoma asubuhi moja, akatolewa ule uvimbe, akarudi nyumbani kupika chakula cha mchana. Kesi hakuiondoa.

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, Cherono alipita na toroli kitandani kwa Barasa.

"Mzee, tukupe uji ama chai?"

Fridah, aliyekuwa ameketi kando, alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Barasa aliitazama ile chupa ya chai, akaitazama sufuria ya uji. Alichukua muda wake. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kulalamika.

"Chai," Barasa akasema. Cherono akainua kikombe. "Hapana, ngoja kidogo. Ngoja. Uji."